Karanga za sukari jikoni: kwa nini shira hugeuka mchanga, na mchanga hugeuka kioo

Karanga, sukari na maji: vitu vitatu, kikaangio kimoja, robo saa. Lakini mtu aliyepata leo karanga zilizovaa ganda jeupe la chembechembe, mithili ya visheti, wiki ijayo kwa vipimo vilevile anaweza kupata karanga zinazong'aa zenye rangi ya asali iliyokolea. Siku nyingine ataambulia bonge linalonata menoni, ambalo kufikia kesho yake limeshalowa ndani ya mfuko. Hapo ndipo lawama huanza: sukari ya siku hizi, jiko, mkono wa mpishi.

Mara nyingi sukari haina kosa, na mkono hauna siri. Matokeo yote matatu yanatokana na mambo mawili tu: maji yaliyobaki kwenye shira pale unapoikoroga, na moto unaoendelea baada ya maji hayo kwisha. Ukishajua kuyatambua mambo hayo kwa macho, dakika zilizoandikwa kwenye mapishi hazitakusumbua tena.

Kwanza karanga zenyewe

Sokoni Kilombero kwa Arusha, au Mbuyuni kwa Moshi, karanga mbichi huuzwa kwa kilo au kwa sado zikiwa bado na ngozi yake nyekundu. Chukua hizo. Ngozi ina mikwaruzo midogo midogo ambayo shira huishika. Karanga iliyomenywa ikabaki nyeupe ni laini mno, na ganda la sukari hubanduka vipande vipande hata kama umepika vizuri. Karanga zilizokaangwa kwa mafuta ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu shira ni ya maji na haishiki juu ya mafuta.

Kisha zimwage kwenye sinia na uzichambue moja moja, kwenye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye weusi au rangi isiyo ya kawaida, na kila yenye ukungu. Hili si suala la urembo. Karanga, kama mahindi, hushambuliwa na fangasi wanaotengeneza sumukuvu, ile sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Joto la jikoni haliimalizi. Na sukari inaongeza hatari kwa namna yake: karanga mbovu ina uchungu, na mtu akiila tupu huitema, lakini ikishavikwa sukari na mdalasini uchungu ule hausikiki vizuri na mtu anameza. Ukikuta nyingi mbovu ndani ya robo kilo, usihangaike kuchambua, zitupe zote. Na kuchambua hakuhakikishi kila kitu, maana sumu haina rangi wala harufu. Ndiyo maana inafaa kununua kwa muuzaji anayeanika na kuhifadhi mahali pakavu, si kwenye gunia lililokaa juu ya sakafu yenye unyevu.

Usizioshe. Kama zina vumbi, zipepete, au zisugue ndani ya kitambaa kikavu. Karanga iliyonyonya maji ya kuoshea huchelewa kuiva katikati, na sukari ya nje huungua ikiisubiri.

Vipimo, na kazi ya maji

Kwa robo kilo ya karanga mbichi, weka gramu 150 za sukari, ambayo ni kama robo tatu ya kikombe cha mililita 250, na mililita 100 za maji, yaani chini kidogo ya nusu kikombe. Chumvi robo kijiko cha chai. Ukitaka ganda jembamba, shusha sukari hadi gramu 120. Ukipandisha kupita gramu 200 sukari ya ziada haina pa kukaa, inabaki chini ya kikaangio, na mwisho unakuwa umetengeneza kashata iliyovurugika. Kashata ni shira hiyohiyo, ila yenye sukari nyingi zaidi, humwagwa juu ya ubao na kukatwa. Huku tunataka kila karanga isimame peke yake.

Maji hapa yanachanganya watu. Wengi hudhani maji mengi hufanya sukari iwe laini na maji machache huifanya iwe ngumu. Hapana. Maji yote yataondoka, yawe mililita 50 au 150. Yanachoamua ni muda ambao karanga zitakaa ndani ya shira inayochemka kabla sukari haijafika joto la kuungua. Ndani ya muda huo karanga mbichi huanza kuiva. Kwa hiyo karanga mbichi zinahitaji maji zaidi, na zilizokwisha kukaangwa zinahitaji machache sana. Mtu anayetumia vijiko viwili vya maji kwa karanga mbichi atapata ganda zuri la rangi ya asali lenye karanga mbichi ndani, inayotafunika kama maharage mabichi.

Kinachotokea ndani ya shira ni hiki. Mililita 100 za maji ya kawaida huyeyusha karibu gramu 200 za sukari. Yakichemka huweza kubeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo gramu 150 zinayeyuka bila taabu. Lakini maji yanapungua kila dakika na sukari haipungui. Yakibaki kama vijiko viwili vya chakula, shira imefika ukomo wake: imebeba sukari yote ambayo maji hayo yanaweza kuibeba yakiwa ya moto. Ukipita hapo, sukari imezidi uwezo wa maji na inatafuta sababu ya kurudi kuwa chembe. Sababu hiyo ni wewe, na mwiko wako. Kila unapokoroga unazigonganisha punje za sukari, zinashikana na kujipanga, na chembe ya kwanza huzaa nyingine. Ngozi yenye mikwaruzo ya karanga ni mahali pazuri pa kuanzia, ndiyo maana sukari huganda juu ya karanga badala ya kuganda chini tu.

Ndani ya nusu dakika hivi shira iliyokuwa ikitiririka inakuwa mchanga.

Hapa ndipo wengi hushtuka wakaongeza maji, wakidhani wameharibu. Hawajaharibu chochote. Wamefika pale hasa palipotakiwa, na maji waliyoongeza yanawarudisha mwanzo.

Jiko na chombo

Chagua chombo kipana chenye kitako kizito na mkono wa kushikia, cha upana wa sentimita 26 hadi 28 kwa robo kilo. Sufuria nyembamba ya alumini isiyo na mikono inatumika, lakini ina tabu mbili. Kitako chake kina sehemu zinazopata moto kuliko nyingine, kwa hiyo sukari huungua duara la katikati huku pembeni ikiwa bado nyeupe. Na utahitaji kuitoa motoni kwa haraka huku mkono mwingine ukikoroga, jambo ambalo kwa vitambaa viwili haliwezekani. Kikaangio cheusi kisichoshika kinakubali kazi, ila weusi wake unaficha rangi ya sukari. Weka kisahani cheupe kando na udondoshee tone kila unapokuwa na shaka.

Mwiko wa mbao, si kijiko cha chuma. Chuma kinapata moto hadi mkononi.

Kwenye gesi, moto wa wastani mwanzoni, mdogo baada ya mchanga. Kwenye mkaa huwezi kupunguza kwa kuzungusha kitufe, kwa hiyo anza makaa yakiwa yameshika yote na yameanza kuvaa majivu. Ukifika hatua ya mchanga, yafunike kwa majivu zaidi au tenganisha makaa pembeni. Njia ya uhakika kuliko zote ni kunyanyua kikaangio kwa sekunde kumi na kukirudisha. Jiko la mkaa linahitaji mpishi anayenyanyua, na anayekiacha kikaangio kikae tu atakula sukari chungu.

Andaa sinia kabla ya kuwasha moto. Ipake mafuta kidogo sana au itandike karatasi ya kuokea, na uweke uma mbili kando yake. Ukianza kutafuta sinia wakati sukari imeiva, utakuwa umechelewa.

Upishi wenyewe

Weka karanga, sukari na maji pamoja kwenye kikaangio kikiwa baridi. Washa moto wa wastani. Koroga polepole mpaka sukari iyeyuke, kisha acha ichemke huku ukigeuza mara mojamoja.

Angalia mapovu. Mwanzo ni makubwa, mepesi, yanapasuka haraka na mvuke ni mwingi. Baada ya dakika tano au sita yanakuwa madogo, mazito, yanainuka polepole na kushikana, na mwiko ukipita chini unaacha njia inayochelewa kufunga. Hapo koroga bila kuacha, ukikwangua chini. Shira itapoteza mng'ao, itaingia ukungu mweupe, na ghafla karanga zitajitenga zikiwa na vumbi la sukari. Mara nyingi wakati huohuo mvuke mwingi huruka kwa mara ya mwisho. Sukari inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na joto hilo hufukuza maji yaliyobaki.

Kama ulikuwa unatumia karanga zilizokwisha kukaangwa na unataka za mchanga, kazi imeisha. Toa motoni, endelea kukoroga dakika moja ili zikauke, mwaga kwenye sinia.

Kama karanga zilikuwa mbichi, usitoe bado, maana katikati hazijaiva. Punguza moto na uendelee kugeuza kwa dakika nne au tano zaidi. Chukua karanga moja, iache ipoe kwenye kisahani, ipasue katikati. Ikiwa bado nyeupe na ina ladha ya kijani, endelea. Ikiwa na rangi ya krimu iliyoungua kidogo, inatosha. Usiamue kwa kuitafuna ikiwa ya moto: karanga huwa laini ikiwa na joto hata kama imeiva kabisa, na ukingoja iwe ngumu ukiwa bado jikoni utaiunguza.

Kwa za kung'aa, unaendelea kutoka kwenye mchanga huohuo. Moto mdogo, mwiko haupumziki. Sukari iliyoanguka chini itayeyuka kwanza na kuwa majimaji ya kahawia. Kazi yako ni kuyazoa na kuyapandisha juu ya karanga ambazo bado zina mchanga. Safari hii hakuna maji tena. Sukari yenyewe ndiyo inayoyeyuka kwa joto na kubadilika rangi, kuanzia karibu nyuzi 160 na kuendelea, na ukishafika huko kila nusu dakika ina uzito. Rangi ya asali ni tamu tu, bila ladha nyingine. Rangi ya asali iliyokolea ndiyo yenye harufu nzuri. Ikianza kutoa moshi wa bluu na mapovu madogo meusi pembeni, imepita, na hakuna siagi wala chumvi itakayoficha uchungu wake.

Toa mapema kidogo kuliko jicho linavyotaka. Kikaangio na karanga zina joto la kuendelea kupika kwa nusu dakika zaidi baada ya kuondoka motoni. Si lazima kila karanga iwe imeng'aa yote. Zenye madoa ya mchanga huku na kule ndizo tamu zaidi kwa maoni yetu, kwani zina ladha mbili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo pa kuongeza siagi, kijiko kimoja cha chakula kwa robo kilo, ukiitaka. Haifanyi ganda kuwa gumu zaidi; inafanya karanga ziteleze zisishikane, na inaongeza ladha. Ukiiweka mwanzoni, shira inachelewa kuganda na maziwa yaliyomo ndani yake huungua.

Mwaga, tandaza, na utumie uma mbili kutenganisha. Una kama dakika mbili. Zikishapoa zikashikana usizigonge kwa kitu kizito, zitavunjika karanga na si ganda; rudisha kwenye kikaangio, moto mdogo, dakika moja, zitalainika.

Njia ya haraka

Kwa mwenye karanga zilizokwisha kukaangwa bila mafuta, au korosho, hesabu inabadilika: robo kilo ya karanga, gramu 80 za sukari, vijiko viwili vya chakula vya maji. Sukari na maji vichemke kwanza peke yake hadi mapovu yawe mazito, ndipo karanga ziingie. Dakika tano au sita jumla.

Karanga za kwenye vikoni vya karatasi za stendi zinafaa kwa njia hii, ila nyingi zimekaangwa kwa chumvi. Zisugue kwenye kitambaa ili chumvi ipungue, na usiongeze nyingine.

Korosho zina tabia yake. Ni laini, hazina ngozi, na huungua upesi kuliko karanga. Tumia ambazo zimekwisha kukaangwa, na uishie kwenye mchanga au kwenye mng'ao hafifu. Makadamia, ambazo siku hizi hupandwa katikati ya kahawa kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, zina mafuta mengi mno, karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo ganda huelekea kuteleza. Zikate nusu, upande uliokatwa una mikwaruzo ya kushikia sukari. Lozi zina ngozi na hufuata utaratibu wa karanga.

Mwinuko wa Arusha na kipimajoto cha mtandaoni

Hapa kuna jambo linalowasumbua hasa wapishi wa huku juu. Mapishi mengi yenye kipimajoto yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Yanasema, kwa mfano, koroga kwa nguvu shira ikifika nyuzi 112 hadi 116. Ukifuata hilo ukiwa Njiro au Sakina, shira itakuwa imekauka kupita kiasi kabla hujaanza kukoroga.

Sababu ni kwamba maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, kwa makadirio nyuzi 1 kwa kila mita 300. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini, iliyo chini ya mita 1,000, huchemsha kwenye nyuzi 97. Shira hufuata maji yake. Basi punguza nyuzi 5 kwenye namba za mapishi ukiwa Arusha, na nyuzi 3 ukiwa Moshi: zile 112 hadi 116 zinakuwa 107 hadi 111 huku, na 109 hadi 113 kule. Kuhakikisha kipimajoto chako, kiweke kwenye maji yanayochemka jikoni kwako. Tofauti kati ya namba utakayoiona na 100 ndiyo ya kupunguza, bila kujali ramani inasemaje.

Lakini usipunguze kila mahali, na hili ndilo ambalo maelezo mengi huliacha. Punguzo ni kwa ajili ya shira yenye maji, maana ndani yake tunapima maji yaliyobaki. Hatua ya kung'aa haina maji. Sukari inayoyeyuka na kubadilika rangi haijui kama iko Arusha au Tanga, na joto lake halibadiliki. Mtu anayepunguza nyuzi 5 kwenye hatua hiyo pia atatoa karanga zikiwa bado na rangi ya maji.

Asiye na kipimajoto ana njia bora zaidi. Dondosha tone la shira kwenye bilauri ya maji baridi, liache sekunde chache, lishike kwa vidole. Likisambaa, bado. Likijikusanya kuwa kidonge laini kinachobonyea, koroga sasa. Kidonge hicho kinapima wingi wa sukari dhidi ya maji moja kwa moja, wala si joto, kwa hiyo kinasema ukweli uleule pwani na Marangu.

Kinachoharibika

Ukikoroga na mchanga hauji kabisa, jiulize kama umeweka ndimu, asali au kitu kingine kichachu. Asidi huigawa sukari kuwa sukari mbili ndogo, ambazo zikijichanganya humo zinazuia chembe zisijipange. Asali tayari ina sukari hizo. Ndiyo dawa ya anayetaka shira ya kaimati ibaki laini, na ndiyo sumu ya anayetaka karanga za mchanga. Hapo usipoteze muda kukoroga. Endelea na moto mdogo mpaka rangi ya asali iliyokolea na uzikubali za kung'aa.

Bonge linalonata la kule mwanzo huzaliwa kwa njia hiyohiyo: shira haikuganda, na mpishi akatoa motoni kabla maji hayajaisha. Limekwama katikati, si mchanga wala si kioo. Likiwa bado la siku hiyo linaokolewa kwa kurudi motoni.

Mchanga unaobaki kikaangioni huku karanga zikiwa tupu ni dalili ya mafuta kwenye karanga, au karanga zilizomenywa, au uliacha kukoroga pale shira ilipoanza kuingia ukungu. Sukari iliyoungua nje na karanga mbichi ndani ni moto mkubwa, au maji machache. Na ukipika nusu kilo kwenye kikaangio cha robo, zilizo juu hazifikiwi na moto, zilizo chini zinaungua. Pika mara mbili.

Kuhusu sukari yenyewe: ya kawaida dukani, ikiwemo ile ya TPC kutoka Arusha Chini, mara nyingi ina rangi ya dhahabu tangu mfukoni. Inaganda vizuri tu, lakini shira yake inaonekana imeiva kabla haijaiva. Usihukumu kwa rangi mpaka baada ya hatua ya mchanga. Kabla ya hapo tazama mapovu.

Viungo

Karibu vyote huingia mwishoni, mchanga ukishatokea, kwa sababu unga wa viungo huungua kabla ya sukari. Mdalasini nusu kijiko cha chai, hiliki robo kijiko, tangawizi ya unga nusu kijiko, pilipili kwa ujasiri wako. Kahawa iliyosagwa laini sana, kijiko kimoja cha chai, inakaa vizuri ajabu na karanga za kung'aa, na ni ajabu kwamba katika mikoa inayolima kahawa kiasi hiki watu hawaitumii zaidi. Unga wa ubuyu una uchachu, kwa hiyo usiuguse mpaka moto umezimwa na karanga ni za mchanga. Nyunyiza vijiko viwili vya chai pamoja na pilipili zikiwa bado na joto. Ufuta uingie dakika moja kabla ya kutoa.

Moto wa sukari

Sukari iliyoyeyuka ina joto kuliko maji yanayochemka kwa nyuzi 60 na zaidi, na ikigusa ngozi inaganda palepale ikiendelea kuunguza. Usionje kwa kidole, usilambe mwiko, watoto wasiwe karibu. Usimwage maji kwenye sukari ya kahawia iliyo motoni, itaruka. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga havina kazi hapo. Watoto chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, iwe na sukari au bila, kwa sababu hupalia.

Kuhifadhi

Ziache zipoe kabisa, hata saa nzima, kabla ya kufunika. Ukizifungia zikiwa na joto, mvuke wake hugeuka maji ndani ya kopo.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, chagua za mchanga. Sukari iliyoganda kwa chembe imejipanga na haivuti unyevu kirahisi, wakati sukari ya kioo haijajipanga na hunyonya hewa yenye maji mpaka inaanza kunata. Ndiyo maana za kung'aa zilizopikwa Aprili hulowa ndani ya siku mbili kwenye mfuko mwepesi, na zilizopikwa Septemba hukaa vizuri. Kopo la kioo au la plastiki lenye kifuniko kinachobana, mahali pasipo jua, huzitunza wiki mbili hadi tatu. Friji usiitumie, kwani kila ukitoa kopo unyevu huingia. Zikianza kunuka mafuta ya zamani, ni mafuta ya karanga yaliyoharibika na sukari haihusiki, zitupe.

Kikaangio chenye sukari iliyokauka hakihitaji kukwanguliwa. Kijaze maji, kichemke dakika tano, yote itayeyuka. Kama sukari haikuungua, maji hayo yanafaa kupikia chai ya rangi.